Laini ya Baba Mkwe

Machi 2

Mwanangu Anyisile kaniletea daftari hili kutoka chuoni Mbeya. "Andika humu, mama, hasira zako zisiishie zote kwa baba." Mtoto hana adabu huyu. Nimelipokea. Mpunga umeshika vizuri, mvua haijatunyima. Kesho palizi.

Machi 5

Palizi. Mgongo si wangu.

Machi 9

Leo tumefurahi, jamani! Pikipiki ya Gwamaka, mume wa jirani yangu Tulinagwe, iliyoibiwa sokoni Kyela, imepatikana. Kamera mpya walizofunga sokoni na stendi zilimwona mwizi, wakaifuata simu yake mpaka Kasumulu, wakamkuta anatafuta namna ya kuivusha kwenda Malawi. Aliyeirudisha ni afisa mmoja kijana, Lazaro, mgeni huku kwetu, mpole, ana kitambi kinachoanza. Tulinagwe alipiga vigelegele na mimi nikamsaidia.

"Mama zangu," akatuambia, "sasa hivi tunaona kila kitu. Nyie laleni usingizi."

Nikampa mkungu wa ndizi aufunge kwenye gari lake. Nilisema mbele ya watu wote kwamba kamera hizo wangezileta zamani, na hata Ngonga hapa wafunge moja. Nimesema na naandika.

Machi 14

Songwe imepanda kidogo. Acha nieleze hapa jinsi tunavyopata habari za mto, Anyisile akija kusoma asiniulize maswali.

Baba mkwe wangu anakaa kule chini, kando ya mto kabisa. Amesimika mti wa kupimia maji. Mpwa wake Dickson anakaa ng'ambo, upande wa Malawi, kule juu milimani Songwe inakotokea. Kila asubuhi Dickson anampigia mjomba wake simu: maji yamefika hapa, mvua imenyesha hivi. Mzee anaangalia na mti wake, anajua maji ya juu yatachukua muda gani kufika kwetu. Anampigia mume wangu Hebroni. Hebroni ananiambia mimi, nami naandika kwenye kundi letu la simu, Maji ya Songwe. Mimi ndiye msimamizi wa kundi. Watu wanajua waondoe mbuzi, wajue kama ni siku ya kwenda bondeni au ya kukaa nyumbani.

Kwa nini asinipigie mimi moja kwa moja? Kwa sababu mimi na baba mkwe hatujawahi kuongea tangu niolewe. Hatujagombana, ni heshima. Akija njia hii, mimi napita ile. Sikai alipokaa, chakula chake anapelekewa na mwanawe, na jina lake halipiti mdomoni mwangu hata unichape. Wasichana wa siku hizi wanakula meza moja na wakwe zao na kupiga nao picha, shauri yao. Mimi mama yangu alinilea hivyo.

Kwa hiyo kusema kweli simfahamu. Namjua mgongo wake, na kofia. Nimezoea kumwona kama mzee mkali tu, asiyetabasamu.

Machi 21

Gwamaka ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi. Amesema tuta la kuzuia maji ya Songwe lililobomoka mwaka jana halijaguswa, na mwenyekiti wa kijiji alitutangazia kwamba limekamilika. Akasema tumuulize kwenye mkutano mkuu, kwa adabu, mbele ya watu wote. Watu wakaitikia: kweli, kweli, tuulize. Nami nikaweka kidole gumba. Gwamaka akisema kitu anakisema kwa kicheko, huwezi kumnunia.

Machi 27

Gwamaka aliitwa mjini, kwenye ofisi moja ambayo sikuijua kama ipo. Wakamwekea mezani maneno yake yamechapwa kwenye karatasi, neno kwa neno, mpaka kicheko wameandika "anacheka". Wakamwambia hayo ni uchochezi, ajihadhari. Basi. Hakupigwa, hakufungwa. Lakini amerudi hacheki.

Machi 30

Watu wanatoka kwenye kundi. Simu inalia kila saa: fulani ametoka, fulani ametoka. Kisimani leo wanawake wamenuna. Kila mmoja anajiuliza nani aliyepeleka maneno. Mama mchungaji amenisalimia kwa kichwa.

Na mimi nimemshika Hebroni. Nimemwambia, "Wewe ndiye unayekaa na mwenyekiti jioni. Sema ukweli."

Akaniangalia. "Felista, mimi?"

"Wewe."

Akachukua jembe akatoka, chai hakunywa.

Aprili 4

Mvua. Tulinagwe naye ametoka kwenye kundi. Amekuja kuniambia mwenyewe, tumesimama mlangoni. "Nisamehe, mama Anyisile, Gwamaka amesema tutoke. Habari za maji utanipigia kelele tu, nyumba zenyewe zimekaribiana." Nikamwambia sawa. Sikufurahi.

Aprili 8

Nimeitwa mimi.

Nilivaa gauni la kanisani, nikapanda bajaji. Niliyemkuta ni yule yule Lazaro. Akanipa kiti, akauliza habari za mpunga, akakumbuka ndizi. Kisha akageukia kompyuta yake.

"Mama Felista, hii namba ni yako?"

Nikaitazama. Ni ya baba mkwe. Wakati ule wa kusajili laini kwa alama za vidole, mashine haikusoma vidole vyake, jembe limevifuta, na namba ya kitambulisho cha taifa haijamtokea mpaka leo. Hebroni akaniomba niweke kidole changu. Nikaweka. Wazee wengi wa huku wanatumia laini za wakwe na wajukuu, hakuna aliyewahi kuona ni kosa.

"Imesajiliwa kwa jina langu," nikasema.

"Kila asubuhi inapigiwa kutoka Malawi. Sikiliza." Akasoma: "'Yamefika magotini, jioni yatakuwa kiunoni.' Na huku anajibu, 'Sawa, nitawaambia watu wangu.' Watu wako ni akina nani, mama? Unawavusha na mzigo gani?"

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka mpaka nikaona mwenzangu hacheki, ndipo nikaelewa. Watu wa magendo, wale wa sukari na mafuta, wanavuka Songwe kwa miguu, na wao pia huuliza maji yamefika wapi. Kwa mtu aliyekaa ofisini, mzee anayelinda kijiji na mwizi anayevusha sukari wanasema maneno yale yale.

Nikamweleza yote: mafuriko, mti wa kupimia, mpwa, kundi. Alisikiliza, hilo nitasema kwa haki yake.

"Sauti ni ya mwanaume. Ni nani?"

"Baba mkwe wangu."

"Jina lake?"

Nikanyamaza.

"Mama. Jina."

"Jina la baba mkwe silitaji. Muulize mume wangu. Muulize mlinzi wako pale getini, ni mtu wa huku, atakuambia."

"Basi andika." Akanisogezea kalamu.

"Na kuandika siandiki."

"Unaficha mtu."

"Mtu gani anafichwa kando ya mto, nyumba haina hata uzio? Nenda leo. Uliza mzee mwenye mti wa maji, hata mtoto atakupeleka."

"Kwetu hakuna mambo hayo," akasema.

"Huku yapo."

Akaandika kitu. Kisha akauliza, sauti chini kidogo, "Na huyu mwanamke wa Karonga, unayemwandikia kwamba damu yako haikati, ni nani?"

Nilihisi nguo zimenivuka. Huyo ni dada yangu. Habari ya damu yangu sijamwambia hata Hebroni, nilimwandikia dada peke yake, kwa simu yangu, nimejifungia chooni. Na huyu kijana anaijua. Aliona aibu iliyonipata akainamisha macho, lakini alikuwa ameshaisoma.

Nimekaa kwenye benchi lao mpaka jua linashuka. Wamesema laini ile inafungwa mpaka uchunguzi ukamilike.

Nimerudi nikamwomba Hebroni msamaha. Simu niliyomwandikia dada hakuna binadamu aliyeishika zaidi yangu, kwa hiyo hakuna aliyetuuza. Ni mtambo. Nikamwambia na habari ya damu, maana si haki afisa ajue na mume asijue. Hebroni akalia. Amesema nikipata nafuu ya kazi twende hospitali, na sasa niache haya mambo ya kundi.

Aprili 9

Hebroni amekwenda ofisini kutaja jina la baba yake na kueleza. Wameandika maelezo yake. Wamemwambia itashughulikiwa.

Aprili 12

Mvua tangu asubuhi. Laini bado imefungwa. Mzee anapeleka habari za mti wake kwa miguu, Hebroni anakutana naye njiani. Lakini mti unaonyesha maji yakishafika. Ya juu hatuyajui.

Aprili 13

Mvua.

Aprili 15

Hebroni amempa Dickson namba yake kupitia dereva wa lori aliyevuka Kasumulu. Nimefurahi. Baadaye jioni ameniambia, "Akipiga sana nitawaambia nini wakiniita? Mimi sina ulimi kama wako." Nimemwambia apokee tu.

Aprili 17

Mvua. Mpunga umeanza kuinama. Ndege wamevamia. Gwamaka amehamia kwenye kibanda cha shambani, ili kukipambazuka awe ameshaanza kuwafukuza. Amepita hapa na ndoo ya mbalaga, ndizi za kupika, aliyopikiwa na mkewe. Nikamuuliza, maji je? Akasema, "Mama Anyisile, si ungekuwa umeshatuambia?" Kwa mara ya kwanza tangu aitwe, alicheka.

Aprili 19

Gwamaka amefariki.

Songwe imekuja alfajiri, imepita pale pale tuta lilipobomoka. Tulipoamka bonde lote lilikuwa maji. Wanaume wametoka na mitumbwi. Kibanda hakipo. Wamempata mchana amenasa kwenye migomba ya watu, mbali.

Siwezi kuandika zaidi.

Aprili 22

Tumemzika. Tulinagwe hana sauti tena, amelia mpaka ikakatika. Nimekaa naye mkekani usiku na mchana. Haniulizi kitu. Ningefurahi angeniuliza.

Lazaro alikuja msibani. Alisimama pembeni ya wanaume, viatu vimejaa tope. Watu walipomwona wakapunguza sauti, hata waombolezaji. Nilimfuata. Wanawake wakanivuta khanga, nikaitoa mikononi mwao.

"Umekuja kusikiliza tunaliaje?"

"Mama, nimekuja kuzika. Mimi ndiye niliyemletea pikipiki yake."

"Laini ya mzee iko wapi?"

"Faili liko kwa wakubwa. Mimi niliandika kwamba inaonekana ni maji tu."

"Lini?"

"Siku ile ile uliyokuja."

"Na kwa nini isifunguliwe?"

Sikujua nimfanye nini. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na hata hilo limenishinda kulifanya vizuri. Pikipiki walimtafutia siku mbili tatu, wakaipata. Laini ya kutuokoa wameikalia. Yote ni mtambo ule ule, na vijana wale wale wapole.

Aprili 26

Hebroni ameniambia leo. Tulikuwa tunasafisha tope jikoni. Ameweka ufagio chini.

"Dickson alinipigia."

"Lini?"

"Alfajiri ile. Kabla maji hayajafika. Simu iliita mara nyingi. Nikaona namba ni ya Malawi."

"Hukupokea."

"Sikupokea. Niliwaza ile ofisi. Nikawaza wewe kwenye benchi lao. Nikasema nitampigia kukicha kwa simu ya mtu mwingine."

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilimwita muuaji. Nilimwambia akamwambie Tulinagwe kabla sijamwambia mimi. Alikaa juu ya ndoo, mikono kichwani. Nimempikia, nikamwekea, sijamsemesha.

Aprili 30

Sijamsemesha.

Mei 3

Maji yamerudi mtoni. Mpunga wa juu umepona, wa bondeni umelala. Kakao imeoza kwenye magunia. Sijamsemesha.

Mei 6

Leo nimejua kitu, na sikukipenda.

Nilikuwa napepeta. Simu ikaita, namba ya Malawi nisiyoijua. Mkono ukaenda, ukasimama. Nikaitazama mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Nikaifunika kwa ungo. Ndiyo, mimi, mwenye ulimi, niliyemwita mume wangu muuaji, nimefunika simu kwa ungo.

Alikuwa dada, amebadilisha laini. Alitaka kujua naendeleaje.

Jioni nimemwambia Hebroni. Nimemwambia hivi: "Woga ule hukuzaliwa nao. Umewekewa. Na mimi nimewekewa." Alichukua sahani yake akaja kukaa nilipokaa.

Sasa hasira yangu nimeipatia mahali pake. Mwizi wa pikipiki akamatwe, sawa, nitapiga vigelegele tena. Lakini nani aliwaruhusu kusikiliza kila mtu, kila siku, mpaka mtu aogope kupokea simu ya kumwokoa jirani? Hilo ndilo swali langu, na nitaliuliza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya watu, ambako Gwamaka alitaka kuulizia la tuta.

Mei 8

Anyisile, kwa simu: "Mama, iko kwenye Katiba. Ibara ya kumi na nane. Mtu ana uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa." Akakumbuka kwamba tuko kwenye simu, akanyamaza. Nikamwambia, "Endelea kusoma, mwanangu. Kama wapo, na wao wajifunze."

Mei 13

Mwenyekiti amekuja. Chai amekunywa vikombe viwili. "Mama Anyisile, wewe ni mtu mzima. Msiba umekuumiza, tunaelewa. Lakini kuna mambo si ya kijijini."

"Gwamaka kafia mjini?"

Akaweka kikombe. "Utatuletea matatizo wote."

"Mkutano mkuu ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka kumi na minane. Nitanyoosha mkono, utanipa nafasi."

Ameondoka amekunja uso. Hebroni alikuwa nyuma ya mlango. Amesema, "Nafasi ukipewa, na mimi nitasema langu." Sikumlazimisha.

Mei 20

Kuvuna kumeanza. Tunakwenda kwa zamu, wanawake wote shamba la huyu, kesho la yule. Tumekubaliana simu zibaki nyumbani, kwenye sufuria, na mfuniko juu. Mama mchungaji kauliza, mfuniko unasaidia? Tumecheka kidogo. Shambani watu wanasema. Mmoja alifuta namba ya kaka yake wa Karonga. Mwingine mtoto aliugua, hakupiga simu kwa mganga wa zahanati kwa sababu mganga naye alikuwa kwenye kundi. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Nimewaambia: mkutanoni yasemwe haya. Wakainama kukata mpunga.

Mei 24

Shamba la Tulinagwe. Tumemvunia kilichobaki. Hakuna aliyeimba.

Hebroni alikuja akamwomba wasogee pembeni. Niliwaona kwa mbali. Aliongea muda mrefu, kofia mkononi. Tulinagwe hakumpiga, hakulia. Aligeuka akarudi kwenye mpunga, akakata mpaka tukamaliza. Na mimi hajanisemesha.

Mei 31

Hospitali. Uvimbe, wa kawaida, utatibika. Dada nimempigia kwa simu yangu mwenyewe nikamweleza yote kwa sauti kubwa, nimesimama stendi, chini ya kamera.

Juni 7

Mkutano umekwisha, maazimio yamepita: laini ifunguliwe, tuta lijengwe, na wakubwa wa ile ofisi waje watueleze wanamsikiliza nani na kwa idhini ya nani. Karani ameyaandika. Mimi naandika ambayo karani hakuyaandika.

Tulikuwa uwanja wa shule, kiwanja kimejaa. Lazaro alikuwa amesimama kwenye dirisha la darasa la tatu, simu mkononi, anarekodi. Nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, nangoja yatokanayo, tupewe nafasi ya kuuliza. Mwenyekiti akasimama akitabasamu.

"Kabla ya kuendelea, tuna mzee wetu hapa, mzee anayeheshimika, ameharibikiwa na mafuriko. Aje akae mbele, hapa mezani."

Wakamleta baba mkwe wangu. Hajawahi kuja mkutanoni hata siku moja. Wakamwekea kiti hapo hapo msemaji anaposimama.

Wanawake wote wakaguna. Mwenyekiti ni Mnyakyusa, anaijua mila hiyo. Mimi siwezi kusimama mbele ya mzee yule. Siwezi hata kubaki nilipokuwa. Nikainuka, khanga kichwani, nikaenda kujibanza nyuma ya ukuta wa choo cha walimu. Yote niliyoyabeba tangu Aprili, na kimenishinda kiti! Nikasikia mwenyekiti anasema, "Naona hakuna mwenye swali."

Kisha nikasikia sauti ya mzee. Sijawahi kuisikia kwa karibu vile.

"Mwenyekiti, mimi ni mzee, lakini si mjinga. Umeniita hapa ili mtu fulani asiseme."

Nikachungulia. Amesimama. Akakiinua kile kiti kwa mikono yake, akakigeuza kuelekea goli la mpira, akaketi, mgongo kwa mwenyekiti, mgongo kwa mkutano mzima. Akajivutia koti kichwani.

"Mimi natazama mpira," akasema. "Sipo. Mwenye neno aseme."

Watu wakacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kimekaa muda mrefu bila kutoka. Nikajifunika khanga mpaka machoni, nikapita nyuma ya mgongo wake, nikasimama mezani. Nikasema yote. Pikipiki na vigelegele vyangu. Kompyuta iliyosoma damu yangu. Nilitaja hilo pia, mbele ya wanaume, waliinama wao. Laini ya mzee, na faili lililokaliwa. Nikauliza swali langu.

Watu wanatazama dirisha la darasa la tatu.

Hebroni akasimama. Mume wangu, asiye na ulimi. "Dickson alinipigia simu alfajiri ile," akasema. "Niliiona. Niliogopa. Sikupokea. Ningepokea, Gwamaka angekuwa hapa." Akabaki amesimama, hakujua akae au aondoke.

Ndipo Tulinagwe akainuka, na nguo yake nyeusi, na ile sauti iliyobaki.

"Hebroni, ungekuwa wewe peke yako, ningekuchukia mpaka nife." Akageukia watu. "Nataka kujua. Nani hapa, siku ile, angeona namba ya ng'ambo, angepokea? Anyooshe mkono. Kwa Mungu, anyooshe."

Hakuna mkono. Uwanja mzima, hakuna. Mama mchungaji amefunika uso. Mwenyekiti anatazama meza. Pale dirishani Lazaro aliteremsha simu yake.

"Basi sote tumemuua," Tulinagwe akasema. "Na aliyetufundisha woga naye yumo. Hebroni, nitajie namba ya Dickson."

Akaitaja. Akaibonyeza kwenye simu yake, akaweka spika, akaiinua juu, mkono umenyooka. Inaita. Inaita. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Yesu wangu."

"Nani?" Sauti ya mwanaume, ina wasiwasi.

"Mimi ni Tulinagwe, mjane wa Gwamaka. Nimesimama uwanja wa shule, Ngonga, na kijiji kizima kinasikia. Kama kuna wengine wanasikiliza, na wao wasikie. Dickson, maji yakoje huko juu?"

Dickson akashusha sauti. "Mama, lakini simu hizi si unajua..."

"Najua. Maji yakoje?"

"Yamepungua. Yako kwenye vifundo vya miguu."

Chini ya lile koti, mzee akasema, "Muulize mvua."

"Na mvua?"

"Hakuna wingu, mama."

"Ndaga, baba, asante," Tulinagwe akasema. "Kesho asubuhi nipigie. Namba ni hii hii, na mimi nitapokea."